Usiku saba, vitanda saba: jibu kwa dada wa Tabata kuhusu safari ya milimani na pwani

Dada mmoja wa Tabata kaniandikia, nafupisha maelezo yake. Anataka kumtoa mama yake, miaka 61, goti la kulia linasumbua na ana presha, pamoja na binti yake wa miaka 14 na mdogo wake wa kike, wiki ya pili ya Juni shule zikiwa zimefungwa. Kapata pakeji ya kikundi kidogo, watu wasiozidi 12, siku nane, 1,350,000 kila mtu. Ratiba aliyotumiwa iko hivi: siku ya kwanza Dar hadi Mikumi, ya pili Udzungwa na maporomoko ya Sanje, ya tatu kuelekea Lushoto na kuangalia jua likizama Irente, ya nne msitu wa Magamba halafu Tanga, ya tano Mapango ya Amboni na kwenda kulala Pangani, ya sita kisiwa cha Maziwe kisha Bagamoyo kwa kupitia Saadani, ya saba Zanzibar, ya nane kurudi. Anauliza: bei iko sawa? Mama ataiweza Sanje? Na je, siku zinatosha?

Dada, kwanza nifikishie shikamoo kwa Bi mkubwa. Pili nianze na swali lako la mwisho, manake hayo mawili yanajibika humo humo. Siku hazitoshi. Yaani ukikaa chini ukaisoma hiyo ratiba taratibu utaona mna usiku saba na vitanda saba tofauti. Mikumi, Mang'ula (hapo ndo kwenye lango la Udzungwa), Lushoto, Tanga, Pangani, Bagamoyo, Unguja. Kila asubuhi mnafunga mabegi, kila jioni mnafungua, na mama mwenye goti anapanda na kushuka kwenye gari kutwa nzima. Hiyo siyo likizo, hiyo ni ligi.

Mi kazi hii ya kuzungusha watu naifanya kutokea Dar mwaka wa 15 sasa, na ratiba za namna hii naziona kila msimu, na kosa lake ni moja tu: aliyeiandika alikuwa anahesabu majina ya sehemu, hakuhesabu masaa. Karatasi ikiwa na majina tisa inauzika kuliko yenye majina manne. Sasa mteja naye anasoma majina, anaona duh, Udzungwa na Zanzibar kwa hela hiyo hiyo, analipa dipoziti. Barabarani ndo anakuja kugundua kwamba alichonunua ni kiti cha gari.

Twende nayo siku kwa siku uone. Siku ya kwanza haina shida sana, Dar hadi Mikumi ni kama kilomita 300, ila wamekuandikia mtaondokea Posta saa mbili asubuhi. Saa mbili! Hadi mtu wa mwisho afike, mizigo ipangwe, mtoke mjini mpite Kimara, Mbezi, Kibaha na yale malori yote, jua limeshawaka na mtaingia Mikumi alasiri mmechoka. Waambie waondoke saa kumi na moja alfajiri na wawachukulie Mbezi au hapo kwenu Tabata, siyo kuwarudisha Posta halafu mpite tena njia hiyo hiyo. Mkitoka alfajiri mnafika saa sita, mnakula, mnapumzika, saa tisa na nusu mnaingia kwenye gemu draivu hadi jioni. Uzuri wa Mikumi ni kwamba barabara kuu yenyewe inakatiza ndani ya hifadhi kama kilomita 50, kwa hiyo binti atakuwa ameshaona twiga na swala kabla hata hamjalipa geti.

Siku ya pili nayo inaenda, kutoka Mikumi mjini hadi Mang'ula ni kama kilomita 60, mnapita mashamba ya miwa ya Kilombero. Kuhusu Sanje yenyewe narudi baadae.

Siku ya tatu ndo iliyonifanya nikuandikie jibu refu. Chukua kalamu. Mang'ula kurudi Mikumi mjini kama 60. Mikumi hadi Moro kama 120. Moro hadi Chalinze kama 85. Chalinze hadi Segera kama 170. Segera kupita Korogwe hadi Mombo kama 60. Halafu Mombo kupanda Lushoto 33, na hizo 33 ni kona tupu, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili. Jumla inapita kilomita 500. Na usipige hesabu ya spidi 100 kwa saa kama vile uko angani, kila kijiji ni 50, tochi za trafiki zipo, malori ya kwenda Tunduma yapo, mabasi ya Arusha yapo, kuchimba dawa kupo, chakula cha mchana kipo. Daraja jipya la Wami limesaidia kwa kweli, lile la zamani lilikuwa jembamba na lori likizingua pale foleni inalala, ila hata hivyo kwa gari lenye watu 12 mi naweka masaa kumi na moja. Mkiondoka Mang'ula saa mbili baada ya chai mnafika Lushoto saa moja usiku. Jua la Juni linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu. Sasa hilo jua la Irente mnaliangaliaje wakati liko limezama mkiwa bado mnapanda pale Soni gizani?

Hapo ndo pa kumshika huyo muuzaji. Mpigie, usimwambie lolote kuhusu mimi, muulize tu kwa upole: siku ya tatu tunaondoka saa ngapi, tunafika saa ngapi, tunakula wapi mchana? Aliyewahi kuipita hiyo njia atakujibu papo hapo, atakutajia hadi anapopenda kusimama, atakwambia ukweli kwamba ile siku ni ndefu. Akianza kukwambia "usijali dada, ratiba yetu ni fleksibo", ujue ratiba kaiandikia ofisini kwa kuangalia ramani ya simu.

Sasa hilo neno kikundi kidogo. Watu wengi wanafikiri maana yake ni gari lisilobanana. Kumi na wawili kwenye Coaster ni raha, viti vinabaki. Kumi na wawili kwenye Noah mbili ni kitu kingine kabisa, mna madereva wawili, mwongozaji mmoja, na gari moja siku zote halisikii maelezo. Na kumi na wawili kwenye Land Cruiser mbili ndo yenyewe kwa mbugani, kila mtu dirishani, paa linafunguka, ila kwa hiyo bei yako sidhani. Kwa hiyo uliza gari gani, siyo watu wangapi. Kwa Juni Mikumi ardhi inakuwa imeanza kukauka, lakini upande wa bonde la Mkata ule udongo mweusi wa mfinyanzi ukibaki na unyevu hauchagui, Noah inazama hadi mlangoni na kuisukuma huruhusiwi kushuka hovyo, simba wapo.

Uliza pia idadi ya chini. Hili halimo kwenye maswali yako ila ndo linaloumiza. Kampuni nyingi zinasema "safari inathibitika tukifika watu nane". Msipofika nane inakuwaje? Wanaahirisha? Wanarudisha hela yote? Wanawaunganisha na kundi la kampuni nyingine lenye ratiba yake? Mi nshaona familia imefika asubuhi na mabegi inaambiwa mmeunganishwa na kikundi cha vijana wa chuo wanaokwenda na spika. Kwenda na vijana siyo kosa, ila mama wa miaka 61 na muziki wa saa nane usiku pale Pangani ni mambo mawili.

Na kuna kitu kuhusu kundi ambacho hakuna karatasi inakiandika. Kundi linatembea kwa mwendo wa anayechelewa. Watu 12, kila asubuhi mmoja kasahau chaja, mwingine anatafuta mtandao atume hela, mwingine supu yake haijafika, dakika 20 hapa dakika 20 pale. Ratiba yenye nafasi inameza hizo dakika. Ratiba yako haina nafasi hata ya kumeza mate.

Nikuonyeshe zinavyouma. Maziwe, siku yenu ya sita. Maziwe ni kisiwa cha mchanga mtupu nje ya Pangani, zamani kilikuwa na miti, bahari imekula miti yote imebaki tumbo jeupe la mchanga na matumbawe kuzunguka, kuzamia pale kwa miwani ni raha ambayo binti yako hataisahau. Ila maji yakijaa sana mchanga unafunikwa, kisiwa kinapotea. Sasa mwaka mmoja nilikuwa naipigia kazi kampuni moja, siitaji, tuna kundi la watu kumi, siku ile ni bamvua, yaani maji makubwa, mwezi mpevu umetoka jana yake. Bamvua huku kwetu bahari inakupwa sana mida ya saa nne saa tano asubuhi na inajaa mida ya saa kumi alasiri, mvuvi yeyote wa Pangani anakwambia akiwa amelala. Tulitakiwa tuwe majini saa mbili. Chai ikachelewa, boti waliyolipa ofisini ikawa imeshaondoka na watu wengine, tukatafuta nyingine, tukabishana bei, tumepanda saa saba mchana. Kusi, ule upepo wa kusini, limeshaamka, mawimbi yanatupiga ubavuni, wawili wanatapika. Tunafika saa tisa kasoro, nahodha anazima injini, ananiangalia, ananyoosha kidole. Kilichobaki kilikuwa kipande cha mchanga kama uwanja wa bao, na maji yanakipandia huku tunakiangalia. Watu wamebeba mahotipoti ya wali. Tulikula tukiwa tumesimama, maji yanatulamba vifundo vya miguu, na mama mmoja alikuwa ameinua hotipoti juu ya kichwa kama anavuka mto. Robo saa tukarudi botini. Walikuwa wamelipia kisiwa.

Kwa hiyo ukishapata tarehe angalia kalenda ya mwezi. Siku mbili tatu za mwezi kuandama na za mwezi mpevu ni bamvua, asubuhi pwani inakauka, Maziwe ya asubuhi inakuwa tamu. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapishana kidogo na masaa yanageuka, saa nne asubuhi ndo maji yamejaa. Muulize nahodha siyo ofisi ya Dar. Na kwa Juni kusi linavuma, asubuhi mapema bahari imetulia kiasi na mchana inachafuka, kwa hiyo vyovyote iwavyo ni asubuhi, na laifu jaketi wavae kabla boti haijaondoka siyo mkishafika kwenye mawimbi. Mama mwenye presha mi ningemuacha ufukweni Ushongo na kitabu chake au na madafu, hapotezi kitu.

Halafu siku hiyo hiyo ya Maziwe eti mnatoka Pangani mnavuka mto, mnapita Saadani, mnalala Bagamoyo. Jamani. Saadani ni hifadhi pekee ya taifa Tanzania Bara inayogusana na bahari, watu wanasafiri kutoka nje kuja kuona tembo na ufukwe mahali pamoja, nyie mnaipita jioni na taa zimewashwa. Kama barabara ya pwani ni mbovu kwa sababu mvua zimechelewa kuisha, dereva atarudi Tanga na Segera na Chalinze, na hapo Bagamoyo mnaingia usiku wa manane. Muulize dereva, siyo muuzaji, mara ya mwisho amepita lini hiyo njia ya pwani ya Mkwaja.

Zanzibar toa. Najua utanuna, na binti atanuna zaidi. Ila fikiria: Bagamoyo hakuna boti ya kawaida ya abiria ya kwenda Unguja, lazima mrudi Dar bandarini mpande ya kwanza mtakayoipata, masaa mawili majini, mnafika mchana, mnazunguka Mji Mkongwe jioni, mnalala, kesho yake mnarudi. Nyie mnakaa Tabata! Zanzibar mnaenda wikendi yoyote kwa hela yenu bila kumlipa mtu wa kati. Wanaiweka kwenye ratiba kwa sababu jina linauza. Na kama kwenye kundi lenu kuna ndugu mwenye paspoti ya nje, tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka awe na bima ya wageni ya dola 44, kwa hiyo muulize kama imo kwenye bei au atashtukizwa.

Sasa Sanje na goti la mama. Nitakwambia ukweli kama ambavyo ningemwambia mama yangu. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa kama mita 170, yanashuka kwa ngazi tatu, na mzunguko mzima wa kupanda na kushuka ni kama masaa manne kwa mtu mzima wa afya. Kupanda siyo tatizo kubwa, mama anaenda taratibu, anapumzika, anasikiliza ndege. Kushuka ndo kunaua goti. Njia ina mawe na mizizi na majani yaliyolowa, kila hatua uzito wote unaangukia goti moja, na ukifika katikati huwezi kusema niitieni bodaboda, ndani ya Udzungwa hakuna barabara, ni hifadhi ya kutembea kwa miguu mwanzo mwisho tangu ilipoanzishwa 1992. Asipande Sanje. Lakini asibaki lodji vilevile amejikunyata anaangalia ukuta. Pale makao makuu Mang'ula kuna njia fupi ya kama kilomita moja inaitwa Prince Bernhard, ina maporomoko madogo mwishoni, msitu ni ule ule, na mbega wekundu wanapatikana hapo hapo chini wakiruka juu ya vichwa. Mwongozaji mmoja aende na mama, mwingine apande na nyie. Hapa ndo linakuja swali la waongozaji wangapi. Wakiwa na mmoja tu, mama anakaa kwenye gari masaa manne, na mi nshawakuta kina mama wa hivyo, wamefungua milango yote miwili wanajipepea na khanga.

Binti yako mwambie awe na masikio huko juu. Kuna nyani mmoja anaitwa mangabe wa Sanje, hapatikani sehemu nyingine duniani zaidi ya misitu ya milima hii ya Udzungwa, na wanasayansi walimjua mwaka 1979 tu, tena kwa kusikia mlio kwanza. Wenyeji wao walikuwa wanaishi naye siku zote. Mi napenda kuwasimamisha watu pale kwenye mwamba wa kupumzikia nawaambia nyamazeni dakika tano, zimeni simu. Mara nyingi hawasikii mangabe, wanasikia maji na mtu anayetafuna korosho. Ila mara moja moja anaita.

Bei. 1,350,000 kwa siku nane siyo ya wizi na siyo ya bure, inategemea imebeba nini. Cha kwanza viingilio: Mtanzania analipa kwa shilingi na ni ndogo sana ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa dola, kwa hiyo wote mbebe vitambulisho vya NIDA, na binti abebe cha shule au nakala ya cheti cha kuzaliwa. Hifadhi za TANAPA siku hizi hawataki keshi getini, malipo yanapita kwa kontrol namba, kwa hiyo kampuni ikikwambia "mtatupa cash ya geti tukifika" waulize kwa nini. Cha pili chakula: fulbodi, yaani milo yote mitatu, au chai tu? Njiani nani analipa? Cha tatu vyumba: nyie wanne ni vyumba viwili, mama atalala na nani, na kama kuna choo cha kukaa. Usicheke, goti likiwa bovu choo cha kuchuchumaa ni adhabu, na gesti kadhaa za huko njiani ndo hivyo. Cha nne boti ya Maziwe na kiingilio chake, mara nyingi inaandikwa "hiari", maana yake unalipa mwenyewe.

Na kabla ya dipoziti omba nakala ya leseni yao ya utalii, ile ya TALA inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, angalia mwaka na angalia jina kama ndo lile lile la akaunti unayolipia. Ukiambiwa utume kwenye namba ya mtu binafsi "manake akaunti ina shida kidogo", acha. Lipa kwenye jina la kampuni, udai risiti ya EFD, na sharti la kurudishiwa hela liwe limeandikwa siyo limesemwa kwenye simu.

Sasa ningekuwa wewe ningefanyaje. Nyie ni wanne. Ongeza marafiki wawili watatu unaowaamini mnakuwa sita au saba, hapo mnajaza Land Cruiser moja na kikundi kinakuwa chenu, ratiba mnaamua wenyewe na anayechelewa mnamjua kwa jina. Bei kwa kichwa haitapishana sana na hiyo mliyopewa mkiondoa Zanzibar na ile siku ya kilomita 500. Halafu chagua upande mmoja. Kusini au kaskazini, siyo vyote.

Kwa mama, mi nasema kaskazini. Dar moja kwa moja Lushoto, mlale usiku tatu pale pale, kitanda kimoja. Lushoto ya Juni ni baridi, Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal na walikuwa wanakimbilia huko joto la pwani, kwa hiyo sweta za ukweli siyo vile vikoti vya ofisini. Irente ni kama kilomita tano sita kutoka mjini, mama anapelekwa na gari, nyie mtembee, mkutane pale kwenye ncha ya mwamba ambapo ardhi inakatika na chini kabisa unaona Mazinde na barabara ya Arusha imekuwa kauzi. Hapo jua mtaliona mnavyotaka, tena jioni mbili mkipenda. Siku moja Magamba msituni, siku moja msifanye kitu. Kisha Tanga usiku mmoja. Amboni asubuhi, mama asiingie ndani kabisa kuna sehemu za kuinama, jioni mtembee Raskazone mle samaki. Mwambieni mwongozaji awahadithie vita vya Novemba 1914, Waingereza walivyoshuka na jeshi kutoka India wakapigwa na Wajerumani na nyuki juu.

Kisha Pangani usiku mbili, hapo ndo unapata asubuhi mbili za kujaribu Maziwe, maji yakikataa leo mnaenda kesho. Mji wenyewe uzungukeni kwa miguu jioni. Ni pale Abushiri alinyongwa Desemba 1889 baada ya kuwasumbua Wajerumani pwani nzima. Na ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndo ilipopandwa mikonge ya kwanza, miche iliyoagizwa kutoka Florida, kati ya 1,000 iliyosafirishwa ikafika hai 62 tu, mwaka 1893 ikawekwa ardhini, na kilimo cha mkonge cha hayo mashamba mtakayokuwa mmeyapita toka Korogwe kilianzia kwenye hiyo 62. Binti wa miaka 14 akielezwa hivyo akiwa ameshachoka kuyaangalia dirishani anaamka.

Siku ya saba mtoke Pangani alfajiri, mpite Saadani mchana kweupe, mlale Bagamoyo, kesho yake magofu ya Kaole na misheni halafu nyumbani, ni mwendo mfupi tu. Usiku saba, vitanda vinne.

Kama binti ndo mwenye sauti nyumbani na anataka wanyama na Sanje, basi kusini: pandeni SGR hadi Moro, gari liwapokee stesheni, mama anakuwa ameokoa foleni yote ya Kibaha na mgongo wake, usiku mbili Mikumi, tatu Mang'ula, mnarudi. Pwani mnaiacha. Inauma lakini ipo tu, haihami.

Vidogo vidogo: dawa za presha za mama zikae kwenye mkoba wake, siyo kwenye begi lililofungwa juu ya keria, nshasimamisha gari usiku Korogwe nafungua turubai natafuta vidonge. Kwenye kupanda Lushoto mama akae mbele na asile sana Mombo, zile kona zinatoa kila kitu. Fimbo ya kutembelea mnunulieni huko huko, wanachonga nzuri. Raba zenye meno, zisiwe mpya.

Na mtakapopita Soni mtaona karoti, kabichi, hoho, viazi, vimepangwa barabarani vinang'aa na bei inachekesha. Bi mkubwa atataka asimamishe gari. Mwambie asubiri siku ya kushuka. Kuna mama mmoja tulimruhusu anunue wakati wa kupanda, kabichi saba na debe la karoti, tukakaa nazo usiku tatu, na siku ya kushuka kila kona kabichi zinatoka chini ya viti zinatembea ndani ya gari, dereva anapiga breki, zinarudi mbele. Tulifika Mombo zimebaki tano, mbili mpaka leo sijui zilipotelea wapi.